Miaka miwili na Copen jijini Dar: paa linafunguka, ila si saa ile unayodhani

Karibu kila anayeliona gari langu mara ya kwanza huuliza, "Hiyo ni kirikuu?" Na kwa namna fulani ni ndugu kweli. Daihatsu Copen inatoka kwenye lile daraja la magari madogo ya Kijapani lililotuletea kirikuu zote zinazobeba maji na matofali mjini: injini isizidi cc 660, urefu usizidi mita 3.4, upana usizidi mita 1.48. Ila hili halibebi tofali hata moja. Lina viti viwili, paa la alumini linalojikunja lenyewe na kuzama kwenye buti, na sura ya kobe aliyefurahi.

Nyumbani tuna Noah. Noah ndiyo inayobeba watoto, mkaa, magunia na majirani wanaokwenda misibani. Mimi naishi Mbezi Beach, kazi yangu iko Msasani, na asubuhi nyingi nilikuwa naendesha viti saba vitupu kwenda na kurudi. Nikasema nikinunua gari la pili, liwe la kunifurahisha. Nilipomwambia mume wangu nataka gari la wazi, aliuliza kitu kimoja tu: "Raha gani ya kukaa juani?"

Ilinichukua wiki moja kugundua kwamba nusu ya swali lake lilikuwa na haki.

Matangazo ya magari ya aina hii ni yale yale: jua limewaka, dada kavaa miwani, nywele zinapepea. Hiyo ni Ulaya, ambako jua ni mgeni. Hapa jua ndiye mwenye nyumba. Wiki ya kwanza nilifungua paa saa sita mchana barabara ya Mwai Kibaki, kwa ushamba tu wa kutaka kuonekana. Foleni ikasimama, mbele yangu lori la mchanga linatoa moshi. Nilifika nilikokuwa nakwenda shingo imebabuka, mtandio umegeuka rangi, na viti vyeusi vya ngozi vinachoma mapaja kama nimekalia kikaango.

Saa za gari hili ni mbili kwa siku. Ya kwanza ni kuanzia kama saa kumi na moja na nusu alfajiri mpaka jua litakapopanda juu ya mapaa ya nyumba. Ya pili ni baada ya magharibi, na hiyo ndiyo inayonifanya nisiliuze. Ukitoka mjini upande wa Aga Khan ukapanda Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022, upepo wa bahari unakuingia kutoka kulia wote kwa pamoja, na kwa kuwa umekaa chini karibu na lami, unahisi kama unakwenda kasi hata ukiwa hamsini. Mbele kidogo ni ufukwe wa Coco. Nasimama kununua mihogo bila kushuka, na muuzaji ananiinamia kutoka juu na kunikabidhi kifuko kama anamlisha mtoto kitandani.

Sasa piga hesabu. Paa langu, likizidi sana, linakuwa wazi dakika arobaini kwa siku. Muda wote uliobaki limefungwa, liko juani, liko mvuani, liko nje ya duka bila mlinzi. Kwa hiyo anayeniomba ushauri humwambia hivi: gari la wazi kwa mji kama wetu lichague kwa namna linavyofungwa. Ndiyo sababu niliacha mengine niliyoyapenda kwa sura. Fiat 500C ina viti vinne na ni nzuri kuitazama, lakini juu ni turubai linalovutwa kurudi nyuma, na nguzo za pembeni zinabaki. Smart Fortwo Cabrio nayo ni turubai. Sina ugomvi na turubai, ila nililiwazia likianikwa juani mwaka mzima, na kisha nikamwaza kibaka mwenye wembe. Kuna zile za zamani za 1991, Honda Beat na Suzuki Cappuccino, ambazo vijana wa magari wanazisifia mpaka povu linawatoka. Beat ni turubai tena. Cappuccino paa lake ni gumu, ila unalitoa kwa mkono, kipande kimoja kimoja. Fikiria unafanya kazi hiyo Mwenge na mvua inanyesha. Nissan Micra C+C ina paa gumu la umeme na viti vinne, lakini nilizokuta zinauzwa zilikuwa chache mno.

Nikabaki na Copen ya toleo la kwanza, lililotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2012. Langu ni la 2006. Toleo la pili lilianza 2014 na lina jambo la kufurahisha: vipande vya bodi vinafunguliwa kwa bolti, ukichoka na sura unabadilisha. Lakini bei yake nayo ilinifanya nifunge simu.

Nisiseme nililipa kiasi gani, mume wangu anasoma. Ila kodi nieleze, kwa sababu wengi wanadanganyika na udogo wa injini. Ni kweli kwamba kwa gari lisilozidi cc 1000 hulipi ushuru wa bidhaa unaotokana na ukubwa wa injini. Lakini gari likizidi miaka kumi unakutana na ushuru wa uchakavu, asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kiko wazi mtandaoni, ingiza mfano na mwaka kabla hujamtumia muuzaji hata senti moja. Mimi niliingiza baada ya kutuma. Wenzetu wa Kenya wao hawana hata haja ya kupiga hesabu kwa toleo la kwanza: magari yaliyozidi miaka minane hayaingii, basi watazame la pili.

Paa lenyewe. Unasimamisha gari. Unafungua vifungio viwili vilivyo juu ya kioo cha mbele, kimoja kushoto, kimoja kulia, kwa mkono. Kisha unashika kitufe bila kukiachia. Vioo vinashuka, mfuniko wa buti unanyanyuka kinyumenyume, paa linajikunja katikati, linalala ndani, mfuniko unarudi. Sekunde kama ishirini. Ukisimama kituo cha mafuta, sekunde hizo ishirini zinakusanya watu. Watoto huniomba nirudie, na mimi hurudia.

Lakini paa likilala, buti limekwisha. Likiwa juu nina kama lita 210, mizigo ya wiki ya mtu mmoja inaenea vizuri. Likiwa chini kunabaki upenyo wa kama lita 14, yaani kanga mbili na ndala.

Na paa haliendi gari likitembea. Hili nililijifunza mwezi wa nne, kwenye makutano ya Morocco, saa moja jioni. Tone la kwanza lilianguka kwenye usukani. La pili kwenye simu. Taa nyekundu, nikasema sasa, nikafungua mkanda, nikashika kitufe. Paa limefika nusu, limesimama wima kama mtu aliyeinua mikono juu, taa ikawaka kijani. Nyuma yangu daladala. Honi. Konda akatoa kichwa: "Sista, funga duka twende!" Nilimalizia kufunga huku bodaboda wananipita kulia na kushoto wakicheka, na nikafika nyumbani na maji kwenye zulia. Tangu siku hiyo wakati wa masika silifungui hata mbingu ikiwa safi.

Maji ya pili yalikuja paa likiwa limefungwa. Muuzaji alinipigia picha kila kona isipokuwa mipira ya pembeni ya vioo, na ilipofika ilikuwa imekauka kama ganda la muwa. Fundi wa kwanza, kwenye gereji nisiyoitaja, akaijaza silikoni ya madirishani. Ikashika wiki mbili, kisha paa likawa linafunguka kwa mlio wa plasta inayobanduliwa kwenye kidonda. Fundi wa pili alikwangua yote kwa ukucha na spiriti, siku nzima, akaipaka grisi ya silikoni, na mpaka leo kinachobaki ni unyevu kidogo kwenye mvua kubwa. Kumbe majani ya mwarobaini uani kwetu nayo yalikuwa yameziba njia za maji. Sasa kila Jumamosi nayatoa kwa mswaki wa zamani.

Fundi huyo wa pili ndiye aliyeinua boneti akakaa kimya, halafu akaanza kuhesabu kwa kidole. "Dada, plagi nne?" Kirikuu zote alizowahi kufungua zina silinda tatu. Hili la cc 659 limegawanywa silinda nne, kila moja kama kikombe cha kahawa ya Kariakoo, na tabo, inayoisukumia injini hewa zaidi, juu yake. Nguvu za farasi 64, ndicho kikomo ambacho watengenezaji wa Japani walijiwekea wenyewe kwa magari ya daraja hili. Kwa karatasi ni kidogo, lakini gari zima lina kilo kama 830, karibu nusu ya Noah yetu. Nilichukua la gia za mkono, gia tano, na wote walionishauri otomatiki walikuwa sahihi kwa foleni ya Ubungo na walikosea kwa kila mahali pengine. Jumapili alfajiri barabara ya Bagamoyo, gia ya tatu, tabo ikianza kupiga mluzi, hakuna mtu anayeweza kuniambia kitu. Mafuta napata kilomita 15 kwa lita nikitembea vizuri, 12 foleni ikinishika.

Ukinunua, badili mkanda wa taimingi wa injini mara moja kama huna karatasi za kuthibitisha ulishabadilishwa. Unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na langu lilikuwa limefika 87,000 bila karatasi yoyote. Sikusubiri.

Kero yangu kubwa ni tairi. Saizi ni 165/50 R15, na kwenye maduka yote ya spea ya Gerezani nilionyeshwa kila kitu isipokuwa hiyo. Mmoja alitaka kunifungia 185/55, akaniambia "itaingia tu". Ingeingia, na ingekula tao la tairi kila nikikata kona. Nimeagiza nje, zilichukua wiki saba. Na kwa kuwa tairi ni nyembamba na gari liko chini, matuta nayapanda kimshazari, tairi moja moja, kama mtu anayeingia majini hajui kina. Tuta la shuleni mtaani kwetu silipiti kabisa, nazunguka. Redio pia ni ya Kijapani, inaishia kwenye 90, hivyo stesheni nyingi za hapa haisikii mpaka ufunge kigeuza masafa. Vioo vya pembeni nilichora namba ya gari siku ile ile lilipotoka bandarini. Na paa likiwa wazi mkoba unakaa chini ya miguu, si kwenye kiti, kwa sababu bodaboda wana mikono mirefu.

Mwaka jana mama mkwe alikuja kutoka Muheza, Noah iko gereji. Nikaenda kumpokea stendi ya Magufuli na Copen. Alikuwa na kiroba cha machungwa na mkungu wa ndizi. Tukasalimiana, akalizunguka gari mara moja, akaweka mkono juu ya paa kama anayepima joto la mgonjwa.

"Mwanangu, hili napanda au navaa?"

"Unavaa, mama. Tanguliza kukaa, miguu inafuata."

Machungwa yaliingia butini, mkungu ukakaa mapajani kwake. Tulipofika Mbezi Beach jua lilikuwa limezama, nikamuuliza kama nifungue. Akasema mkungu ushushwe kwanza. Tuliushusha nyumbani pamoja na machungwa ya butini, mume wangu akavipokea mlangoni, na mama akakataa kushuka. Nilimpeleka hadi Kunduchi na kurudi, kanga kajifunga kichwani, anaitikia shikamoo za vijana wa vijiweni kama diwani.

Je, ningenunua tena? Ndiyo, na safari hii ningeanza na kikokotoo na mipira. Lakini gari hili linategemea Noah. Siku Noah iko gereji, nyumba nzima inaelewa kwamba viti viwili ni viwili: mtoto mmoja anakwenda shule, wawili wanasubiri bajaji. Wiki iliyopita mume wangu alianza kusema kwamba Noah imechoka, tuiuze, tukae na gari moja kwanza. Nikamuuliza lipi. Akatazama nje, mtoto wetu wa mwisho alikuwa amekaa ndani ya Copen anashika vifungio vya paa, na hakunijibu.