Valvu ya VVT-i ya Fielder yangu: nilivyonunua koili bila haja

Koili nne mpya za kuwasha plagi, plagi nne mpya, na bado gari lilinizimikia pale Salgaa, lori likiwa nyuma yangu. Siku hiyo ndiyo niliyoihama gereji ya kwanza. Kila Jumanne napeleka mayai Kericho na gari langu, Toyota Fielder ya injini ya 1NZ, na kwa mwezi mzima nilikuwa nikitoa mguu kwenye mafuta tu, injini inatetemeka hadi trei zinagongana. Gereji ile haikupima chochote. Walikuwa wanabahatisha kwa pesa yangu, na sasa walikuwa wanataka pampu ya petroli nayo ibadilishwe.

Jirani akanielekeza kwa fundi kijana hapa Nakuru, mtaa wa Shabab. Yeye alichomeka mashine kwanza, ikatoa kodi ya kosa, P0011, ya valvu kufunguka mapema mno. "Mama, sikiza," akaniambia, "koili zako hazikuwa na shida. Ni valvu ya VVT-i."

VVT-i ni mfumo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka, na valvu yake si zile za ndani ya silinda. Ni ya oili, nene kama kidole gumba, na kompyuta ya gari ndiyo inayoiendesha kwa umeme. Ndani mna pini inayokwenda mbele na nyuma ikielekeza oili kwenye gia ya kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu. Gia ikisogezwa kidogo, valvu za kuingiza hewa zinafunguka mapema au zinachelewa. Ukivuta mlima zinatakiwa kuwahi. Gari likisimama likinguruma, zichelewe. Yangu ilikuwa imenasa kwenye kuwahi, ndiyo maana mlima lilipanda vizuri lakini likisimama tu linakufa.

Injini ilipopoa akaitoa, bolti moja tu. Akapima koili ya ndani ya valvu hiyo: omu 7.3, na nzima huwa kati ya 6.9 na 7.9. Umeme hauna kosa. Akaigusisha kwenye betri: kimya. Akaipulizia dawa ya kusafishia kabureta, tope jeusi likatiririka mpaka kwenye viatu vyake. Akagusisha tena: ta! Pini ikaruka, ikarudi. Nilimwomba arudie nione mwenyewe. Kisha akachomoa kichujio cha oili cha valvu hiyo, kidogo kama kofia ya kalamu, nacho kimeziba kabisa.

Tope hilo nililileta mimi. Nilikuwa natia oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa na kuikalisha kilomita 10,000. Sasa natia 5W-30 ya mkebe uliofungwa, nabadilisha kila kilomita 5,000.

Kazi alinitoza shilingi 1,500, oili na filta 4,200. Zile koili na plagi zilikuwa zimekula zaidi ya 14,000, nami nazililia hadi leo. Kasoro ya fundi huyu ni moja: alirudisha mpira wa zamani wa valvu, ikavuja oili kidogo, nikarudi kesho yake. Alibadilisha bila kunidai hata shilingi.

Hii ni wiki ya kumi na moja. Jumanne iliyopita nilisimama Mau Summit kununua viazi, sikuzima injini, na trei zilitulia nyuma kama ziko dukani.