Uzoefu wangu: ramani za simu bila bando mjini Kigoma

Natumia programu mbili kupeleka mizigo mjini: ile inayokuja na simu, na nyingine yenye data za OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Zote ni za bure. Ya pili naipa nyota nne, ya kwanza tatu.

Pakua ramani mapema kwa Wi-Fi, uchukue kuanzia Kibirizi hadi Ujiji. Bando likiisha GPS haizimi, maana simu inapokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja. Ila bila intaneti huchelewa kujua ulipo, pengine dakika nzima au zaidi. Simama pawazi usubiri. Ukiwa chini ya bati, kitone cha bluu kinaweza kuhamia mtaa wa pili. Mshale ukipotea mwelekeo, chora nane hewani kwa simu, dira itajirekebisha.

Kasoro kubwa ni mlima. Stesheni hadi Mwanga unaona kamstari kafupi, kumbe ni kupanda mwanzo mwisho, tena na kiroba begani. Halafu programu ya kwanza, bila intaneti, inakupa njia ya gari tu. Vichochoro vinarukwa, unazungushwa barabara kuu. Ya pili inavionyesha, mradi kuna aliyevichora. Pasipochorwa panabaki peupe, ungedhani hapaishi mtu.

Ndiyo maana mgeni anayeujua mji kwa skrini anaujua nusu. Hoteli za ufukweni zimejaa picha. Wauza dagaa na migebuka hawamo. Ujiji nayo inageuka Makumbusho ya Livingstone basi, utadhani kabla ya Stanley kufika 1871 kumtafuta Livingstone hapakuwa na watu.

Ukituma lokesheni kwa WhatsApp, soma kwanza kipimo cha usahihi. Ikiandika mita 50, subiri ishuke. Hata hivyo bodaboda atakupigia tu: "Karibu na nini?" Kwa hiyo ongeza alama: msikiti, mwembe, rangi ya geti, na namba ya kibao cha anwani ya makazi kama nyumba inacho.

Kichochoro kikikosekana kwenye OpenStreetMap, washa kirekodi cha njia kwenye simu, pita kichochoro chote kwa miguu, kisha kichore ukipata intaneti. Mwenzako hatakiona mpaka asasishe ramani aliyopakua.