Dell PowerVault MD1200: sanduku la diski likipimwa kwa jicho la fundi

Tathmini za masanduku ya kuongezea seva diski huwa zinaishia kwenye kasi na ujazo. Kwa mashine ya umri wa MD1200, hayo yalishajibiwa zamani. Anayelinunua leo likiwa limetumika, au aliyelirithi kwenye raki, anataka kujua jambo jingine: kitu kikifa, kinatolewaje, na data inabaki hai wakati kinatolewa?

Kwa kipimo hicho sanduku hili linapata alama za juu. Vitu vinavyokufa mara kwa mara vyote vinatoka kwa mkono, bila bisibisi, umeme ukiwa umewaka. Hatari yake inatoka hapo hapo kwenye urahisi. Karibu kila kitu muhimu kiko viwili, kwa hiyo fundi anachomoa kimoja akiamini cha pili kinafanya kazi, kumbe hakuna aliyekikagua tangu siku kilipofungwa.

Umbo lake ni la 2U, yaani linachukua nafasi mbili za raki. Mbele kuna nafasi 12 za diski za inchi 3.5, nyuma kuna pawa saplai mbili za wati 600 na moduli mbili za EMM, ambazo ndizo zinazopokea kebo za SAS (njia ya kuunganisha diski na seva) na kusimamia sanduku. Mawasiliano ni SAS ya gigabiti 6 kwa sekunde. MD1220 ni ndugu yake wa nafasi 24 za inchi 2.5, na sehemu kubwa ya yaliyomo humu inamhusu pia.

Diski ndiyo itakayokupa kazi kuliko kitu kingine chochote. Kila trei ina taa yake: kijani tulivu maana yake diski iko kazini, rangi ya chungwa ikimetameta maana yake imekufa, na mzunguko wa kijani, chungwa, kisha giza maana yake mfumo unatabiri kwamba itakufa. Huo wa mwisho usiupuuze. Diski iliyotabiriwa kufa bado inasomeka, na kuibadilisha ikiwa hivyo ni kazi nyepesi kuliko kungoja ife kabisa halafu kundi zima la RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi pamoja ili moja ikifa data ibaki) likae bila kinga.

Usitafute diski mbovu kwa kuhesabu nafasi kwa kidole. Iwashe taa yake kwa amri. Ukiwa na kontrola ya RAID, programu ya storcli au perccli inafanya hivyo kwa `/c0/e32/s4 start locate`, ukiweka namba zako za sanduku na nafasi. Ukiwa na HBA ya kawaida (kadi inayounganisha seva na diski bila kusimamia RAID) kwenye Linux, tumia `ledctl locate=/dev/sdX`, au `sg_ses --index=4 --set=ident /dev/sg3`, ambapo sg3 ni sanduku lenyewe jinsi `lsscsi -g` inavyolionyesha. Kisha linganisha namba ya mfululizo (serial) inayotolewa na `smartctl -i` na ile iliyoandikwa kwenye diski. Hatua hii inachukua dakika moja. Kuchomoa diski nzima kwenye RAID 5 ambayo tayari imepoteza moja ni kupoteza kundi lote.

Kabla ya kuchomoa, iondoe diski kazini: `set offline`, kisha `set missing`, kisha `spindown` kwa kontrola ya RAID, au `zpool offline` kwa ZFS (mfumo wa faili unaosimamia diski wenyewe). Bonyeza kitufe cha trei, fungua mpini, ivute kiasi cha kuachana na bakplani (ubao wa ndani zinapochomekwa diski), halafu ngoja sekunde 30 hivi. Sahani za ndani bado zinazunguka, na kuigeuza diski mkononi katika hali hiyo ni kuiumiza. Ikiwa diski ni mbovu tayari utasema haina neno, ila inayotumwa kwenye waranti au kwa wataalamu wa kuokoa data inafaa ifike bila majeraha mapya.

Diski mpya inafungwa kwenye trei kwa skrubu nne za pembeni. Za inchi 3.5 zinatumia uzi wa 6-32, za inchi 2.5 zinatumia M3, na hizo mbili hazibadilishani hata kama moja inaonekana kuingia mizunguko miwili ya kwanza. Skrubu ndefu kupita kiasi nayo inaweza kugusa kisichopaswa kuguswa. Trei ya F238F, ile ile ya seva nyingi za PowerEdge za kizazi hicho, inaingia humu bila ubishi, na hilo linafanya vipuri vyake viwe rahisi kupatikana. Sukuma trei hadi mwisho ndipo ufunge mpini. Mpini si wenzo wa kulazimishia diski iliyokaa upande.

Makosa ya diski mbadala yana aina tatu. La kwanza ni ujazo: ikipungua kuliko wenzake, kontrola inaweza kuikataa. La pili ni ukubwa wa sekta. Diski za SAS zilizotoka kwenye mifumo mikubwa ya hifadhi mara nyingi zina sekta za baiti 520, na seva itaiona diski lakini haitaitumia. Dawa ni `sg_format --format --size=512 /dev/sgX`, kazi ya saa nyingi kwa diski kubwa, na umeme ukikatika katikati, diski inabaki haisomeki hadi uanze upya. La tatu ni mabaki ya RAID ya zamani. Kontrola itaiita diski hiyo ya kigeni na kukuuliza kama uingize mpangilio wake. Jibu ni kuufuta. Ukiuingiza unaleta kundi la RAID la watu wengine ndani ya seva yako.

Kuna na suala la chapa. Programu dhibiti (firmware) ya awali ya kontrola za RAID za Dell ziitwazo PERC H700 na H800 ilikuwa ikizikataa diski zisizo za Dell, na mwaka 2010 Dell ilitangaza kuliondoa zuio hilo. Ukikuta H800 ya zamani inagoma, pandisha toleo lake kabla ya kumlaumu muuza diski. Kwa HBA, angalia chipu: zile za LSI 1068E hazivuki terabaiti 2 kwa diski moja, hata ufanye nini.

Diski ikishaingia, kujengwa upya kunaanza. Terabaiti 4 kwa megabaiti 100 kwa sekunde ni saa 11 na zaidi kidogo, na hiyo ni kama hakuna mtu mwingine anayetumia mfumo. Kwenye kazi halisi panga siku nzima. Muda wote huo diski zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho, na iliyokuwa ikificha sekta mbovu ndipo inapojulikana. Ndiyo sababu ukaguzi wa kila mwezi wa kusoma diski zote, iwe `zpool scrub` au ule wa kontrola wenyewe, ni sehemu ya matengenezo ya sanduku hili sawa na kupuliza vumbi.

Pawa saplai na feni ni kitu kimoja. Hakuna feni ya kubadilisha peke yake. Ikianza kukwaruza, unabadilisha moduli nzima. Wengine wanalalamika kwamba huu ni ubadhirifu, lakini kwenye chumba cha seva ni afadhali moduli inayotoka kwa sekunde kumi kuliko feni ya kulegezea skrubu huku diski zinapata moto. Kila moduli ina taa tatu: ya umeme unaoingia, ya umeme unaotoka, na ya hitilafu. Ikiwa ya kuingia imezimika na ya hitilafu imewaka, anza na waya na soketi. Moduli nyingi hurudishwa dukani zikiwa nzima kabisa.

Sharti lake ni muda. Sanduku linaweza kukaa na moduli moja tu kwa dakika 5, na moduli inayobaki iwe nzima. Si kwamba umeme hautoshi. Hewa ndiyo inayopotea: nafasi iliyo wazi inaruhusu feni za upande wa pili zivute hewa kutoka nyuma badala ya kupitia kwenye diski. Kwa hiyo kipuri kitoke kwenye boksi kwanza, kikaguliwe pini, ndipo mbovu ichomolewe. Feni za moduli iliyobaki zitapaa na kupiga kelele. Hiyo ni kawaida, na zinashuka polepole baada ya mpya kuingia. Kama huna kipuri, acha moduli mbovu ndani hadi kifike, kwa sababu hata ikiwa imekufa inaziba tundu. Hali ni hiyo hiyo mbele: nafasi isiyo na diski iwekewe kifuniko chake. Na waya mbili za umeme zikiwa zimechomekwa kwenye ubao mmoja wa soketi, hizo pawa saplai mbili hazikulindi dhidi ya ubao wenyewe.

EMM ndiko kwenye mtego mkubwa. Kutoa moja ni kufungua mpini na kuvuta, rahisi kabisa. Lakini kabla hujaugusa, thibitisha kwamba njia ya pili inapitisha data. Kwenye Linux, `multipath -ll` ionyeshe njia mbili hai kwa kila diski. Ikionyesha moja, simama hapo. Sababu ya kawaida ni diski za SATA (aina ya zile za kompyuta za kawaida): zina mlango mmoja tu, na bila kipande cha kuziunganisha na njia mbili zinaonekana kupitia EMM moja pekee. Unachomoa EMM ukidhani una ya pili, na diski 12 zinapotea mbele ya mfumo kwa pamoja. Kama masanduku yamefungwa mnyororo, EMM unayoitoa inakata pia yote yaliyo mbele yake kwenye njia hiyo. H800 inaruhusu masanduku manne kwa kila mlango wake, kwa hiyo EMM ya sanduku la kwanza si jambo dogo. EMM mpya ikishaingia, hakikisha zote mbili zina toleo moja la programu dhibiti.

Upande wa mbele kuna swichi ndogo ya hali ya sanduku. Kwa hali moja EMM zote mbili zinaona diski zote 12. Kwa nyingine sanduku linagawanywa, kila EMM na diski zake sita, na mnyororo hauruhusiwi. Swichi husomwa wakati wa kuwasha tu. Mtu anaweza kuigusa leo kwa bahati mbaya wakati wa kufuta vumbi, na tatizo likajitokeza miezi baadaye siku umeme ukizimwa: nusu ya diski hazipo. Ukipokea simu ya namna hiyo, tazama swichi kabla ya kitu chochote.

Kebo ni za SFF-8088, na kwa HBA mpya utahitaji kebo yenye SFF-8644 upande mmoja. Zina utepe wa kuvutia. Vuta utepe, usivute waya. Kebo iliyokunjwa vibaya haifi moja kwa moja. Ndani yake kuna njia nne za gigabiti 6, na moja ikipotea mfumo unaendelea na tatu, diski zote zinaonekana, kasi inashuka, na watu wanaanza kulaumu diski. Hesabu za makosa ziko kwenye `/sys/class/sas_phy/`: angalia `invalid_dword_count` na `loss_of_dword_sync_count`. Namba zilizotulia ni za historia. Zinazopanda kila ukitazama zinasema badilisha kebo, kisha EMM, kwa mpangilio huo, maana kebo ni rahisi zaidi.

Visivyo na jozi ni viwili: bakplani na paneli ya mbele. Hapa MD1200 inaacha kuwa rafiki. Zima seva kwanza, kisha sanduku, chomoa kila kitu, andika namba ya nafasi kwenye kila trei kwa kalamu, toa diski zote, EMM na pawa saplai, kisha lishushe sanduku kutoka kwenye raki. Likiwa limejaa linakaribia kilo 30, hivyo kulishusha kabla ya kutoa diski ni kujitakia mgongo. Wakati wa kurudisha, sanduku linawashwa kwanza, diski zizunguke, ndipo seva ifuate. Ukigeuza mpangilio, kontrola inaamka haioni kitu na kulitangaza kundi limepotea. Habari njema ni kwamba bakplani hufa mara chache, na nyingi zinazodhaniwa zimekufa ni pini moja iliyopinda kwa trei iliyolazimishwa. Mulika kila tundu kwa tochi kabla ya kuagiza.

Kelele ni kasoro isiyo na tiba rasmi. Wanaoliweka sehemu wanayokaa watu huingia kwenye mlango wa serial wa EMM, ule wa duara wa pini sita, kwa kasi ya 38400, na kuandika `_shutup 20` ili feni zishuke hadi asilimia 20. Inafanya kazi, na inasahaulika sanduku likizimwa. Kwa diski nne chumba kikiwa na baridi, sawa. Kwa diski 12 zinazojengwa upya, joto litapanda na sanduku halitakuonea huruma. Kiwango chake cha hewa ya kuingia ni nyuzi 10 hadi 35.

Ukilinunua likiwa limetumika, dai trei zote 12, EMM mbili na pawa saplai mbili. Trei zinazokosekana, zikinunuliwa moja moja, hula punguzo lote ulilopewa. Kwa akiba weka pawa saplai moja, EMM moja, kebo moja na diski mbili za ujazo ule ule. Hiyo EMM ya akiba ichomeke siku moja tulivu na uipandishe toleo, kwa sababu siku ya kuihitaji hutataka kugundua kwamba programu yake ni ya miaka mingi iliyopita.