Kabla ya kununua simu mpya Lubumbashi, uliza bei ya batri

Fundi wangu wa mtaa wa Katuba aliifungua simu, akapuliza vumbi, akacheka. «Yaya, hii haijafa. Batri ndiyo imechoka.» Dola za simu mpya nilikuwa nazo mfukoni tayari. Nikarudi nazo nyumbani, na ndiyo maana orodha hii inaanza pale ambapo muuzaji hapendi ianzie.

Nimepanga njia nne za kupata simu, bora kwanza, kwa mambo mawili: mfuko wako na mazingira. Kwa simu, hayo mawili hukubaliana mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Watu wakitaja simu na mazingira hulaumu chaji. Tupige hesabu basi. Batri ya mAh 5000 (mAh ni kipimo cha ujazo wa batri) hubeba kama wati-saa 19. Ukiijaza kila siku mwaka mzima, unapata karibu kilowati-saa 7, au 9 hivi ukiongeza zinazopotea kwenye chaja. Jiko la umeme humaliza hizo kwa siku chache. Isitoshe, umeme wa huku kwetu msingi wake ni maji: mabwawa ya Mwadingusha kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba. (Siku za delestaji, yaani umeme ukikatwa kwa mgao, ukichajia kwenye jenereta ya jirani, hiyo ni hesabu nyingine.) Uharibifu mkubwa hutokea kabla boksi halijafunguliwa. Kwa iPhone 13, Apple wenyewe wanataja kilo 64 za hewa ya ukaa katika maisha yote ya simu, na zaidi ya asilimia 80 ni za utengenezaji. Na sisi hatuhitaji kusimuliwa: kobalti ya Kolwezi, madini ya batri, hupita hapa kwenye malori ikielekea mpakani Kasumbalesa, kisha inaturudia ndani ya simu, kwa bei ya wengine.

Namba 1: batri mpya kwa simu uliyonayo

Simu ikizimika ikiwa na asilimia 30, au ikikataa kufika jioni, anza hapa. Ila batri feki ni nyingi. Mwaka jana nilinunua moja kwenye duka la mjini, ikavimba ndani ya miezi miwili hadi kioo kikainuka. Sasa nina masharti: fundi aiweke mbele yangu, anipe siku saba za kuirudisha, na batri nyembamba iliyoandikwa mAh 10000 siitazami mara ya pili. Kioo kikiwa kimepasuka pia, jumlisha gharama zote. Zikipita nusu ya bei ya simu kama hiyo ya okazyo, yaani iliyotumika, acha.

Namba 2: okazyo, ila kwa macho makavu

Simu ya okazyo imekwisha kutengenezwa. Huchimbishi kitu kipya kwa ajili yake. Hatari iko kwako, si kwa mazingira. Kwa hiyo usinunue usiku, wala usinunue simu iliyozimwa.

Piga *#06# na ulinganishe namba ya IMEI, yaani kitambulisho cha simu, na ile ya kwenye boksi, kama boksi lipo. Mwambie muuzaji aifute simu yote na kuiwasha upya mbele yako. Ikiomba akaunti ya Google au ya Apple ya mtu mwingine, mrudishie kwa heshima: ama imeibwa, ama mwenyewe hakutoka kwenye akaunti, na kwako wewe matokeo ni yale yale. Kwenye iPhone tazama afya ya batri. Ikiwa chini ya asilimia 80, punguza bei ya batri mpya kwenye mapatano. Weka SIM yako, mpigie mtu, mwulize kama anakusikia vizuri. Igeuze upande: mgongo ukiwa umetuna, batri imevimba.

Halafu angalia toleo la Android. Tangu 2025 WhatsApp haikubali tena Android 4.4, na simu isiyo na WhatsApp mjini hapa ni tochi. Okazyo nzuri ni ile yenye miaka miwili mitatu ya masasisho mbele yake.

Namba 3: mpya, lakini yenye umri mrefu

Ukilazimika kununua mpya, usiulize kamera kwanza. Uliza itasasishwa miaka mingapi. Google waliahidi miaka 7 kuanzia Pixel 8, Samsung vilevile kuanzia Galaxy S24, na Galaxy A16, ambayo bei yake ni ya watu wa kawaida, ina ahadi ya miaka 6. Chagua pia aina ambayo vioo na batri zake vimejaa kwa mafundi wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Simu ya ajabu isiyo na vipuri hufa mapema hata kama ni imara.

Ya mwisho: mpya ya bei ya kutupwa

Majina usiyoyajua, kumbukumbu iliyoandikwa uongo, hakuna masasisho. Wanafunzi hununua mbili kwa mwaka, na kwa fedha hiyo wangepata okazyo moja ya maana. Ukitaka ya kupigia tu, chukua kitochi cha vitufe.

Na batri iliyotolewa? Usiichome pamoja na takataka za uani, litiamu hulipuka. Ile yangu iliyovimba nimeifukia kwenye kopo la mchanga nje ya nyumba. Fundi anasema kuna mtu huzikusanya. Bado namngoja.