VirtualBox na Windows 98 ya marehemu baba: diski imeharibika mara mbili, bado naipa nyota nne

Mimi si fundi. Nina steshenari ndogo Mwanga, hapa Kigoma: fotokopi, kulaminisha vyeti, madaftari ya shule. Ninachokizungumzia hapa si mambo ya steshenari, ni daftari la madeni la marehemu baba. Mzee alikuwa akikopesha mawese kwa madumu kwa watu wa Ujiji na Kibirizi, na mwaka 1999 alitengenezewa programu kwa FoxPro 2.6 ya Windows, chombo cha zamani cha kutunzia orodha za data. Tangu hapo kila dumu lililotoka ghalani limo humo, na jina la aliyelichukua.

Ile kompyuta yake, iliyokuwa nyeupe ikaishia rangi ya meno ya mvuta tumbaku, ilikata roho masika ya mwaka juzi. Habari zilienea haraka kuliko nilivyotaka. Mzee mmoja wa Kibirizi, mwenye madumu 14 ambayo hajalipa, alikuja dukani kunipa pole. "Pole sana mwanangu. Kwa hiyo ndiyo basi tena, yote yamepotea?" Sijawahi kupewa pole yenye furaha namna ile.

Hayakupotea. Diski ilikuwa nzima, mtoto wa kaka yangu akainyonya yote kwa adapta. Shida ilikuwa wapi pa kuiendesha, kwa sababu FoxPro ile ni ya biti 16, na Windows za biti 64 haziendeshi kabisa programu za biti 16. Ndipo akaniwekea VirtualBox kwenye laptopu niliyoinunua imeshatumika: kompyuta ndani ya kompyuta. Ya nje wanaiita mwenyeji, ya ndani mgeni. Haiuzwi, unapakua bure. Siku ya kwanza nilipoona mawingu ya Windows 98 yanatokea ndani ya kidirisha, nusura nilie.

Kwa miezi miwili ilikwenda vizuri. Kisha jioni moja ya mvua umeme ukakatika nikiwa katikati ya kuandika malipo, na betri ya laptopu ile haishiki hata dakika moja. Umeme uliporudi, ScanDisk, kikaguzi cha diski cha Windows 98, ikaja na ile rangi yake ya bluu, ikasema kuna vipande vilivyopotea, ikaniuliza nivihifadhi au nivifute. Nikahifadhi. Vikawa faili la FILE0000.CHK. Nikalifungua kwa Notepad, nikakuta nusu ya majina ya wateja yamelala humo katikati ya alama zisizosomeka. FoxPro yenyewe ikagoma, ikasema lile si faili la data.

Kila niliyemweleza aliniambia diski imekufa, nunua nyingine. Hapa ndipo namwomba msomaji mwenye mashine ya namna hii asikilize vizuri. Diski ya mgeni ni faili tu. Diski halisi ya laptopu ilipimwa ikaonekana haina kasoro. Kilichoharibika ni orodha ya FAT, ile inayosema kipande kipi ni cha faili lipi. FAT32, mpangilio wa faili wa Windows 98, haina kumbukumbu ya hatua kama iliyomo kwenye NTFS ya Windows za sasa, ambayo huuwezesha mfumo kujua ulikuwa umeishia wapi. Ikikatizwa katikati ya kuandika, inabaki imekatizwa. Nalo faili la DBF, ambamo FoxPro huweka data, huandika idadi ya rekodi kichwani mwake, hivyo kichwa kikisema hili na mwili ukisema lile, halifunguki.

Mara ya pili ni ujinga wetu wenyewe. Nilikuwa na tabia ya kutoizima Windows 98. Nilikuwa naigandisha tu ilivyo, kesho naiamsha. Siku moja mtoto wa kaka akachukua nakala ya faili la diski akaenda nalo kwake, akarekebisha mambo, akalirudisha juu ya lile la zamani, wakati mashine yangu imegandishwa. Nilipoiamsha, kumbukumbu yake ilikuwa bado inashika FAT ya jana. Ikaandika ya jana juu ya ya leo. Faili mbili zikawa zinadai kipande kimoja, kama ndugu na shamba la urithi.

"Shangazi, kosa langu," akasema. Nikamwambia tusigombane, tutafute.

Tulichofanya ni hiki. Tukachukua nakala safi, tukaiendesha kwa kuwasha na kuzima kwa utaratibu mara kumi, bila kugandisha. ScanDisk haikuona kitu. Tukachukua nakala nyingine, tukaingiza malipo ya uongo, katikati yake nikachomoa waya. Ikaharibika hapo hapo, jaribio la kwanza. Basi mwizi tumemwona: umeme, pamoja na kashe, yaani kumbukumbu ya muda inayoshika maandishi kabla hayajafika kwenye diski.

Kashe zenyewe ni mbili, moja juu ya nyingine. Windows 98 huchelewesha kuandika ili iende mbio, halafu kidhibiti cha IDE cha VirtualBox (sehemu inayomuunganisha mgeni na diski yake), kwa mpangilio wake wa kuanzia, hupitisha maandishi kwenye kashe ya mwenyeji. Mgeni anaambiwa "imeshaandikwa" kumbe bado iko kwenye kumbukumbu ya laptopu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huku mwenyeji ndiye anayemponza mgeni. Kitabu cha maelekezo cha VirtualBox hakifichi jambo hili: kinasema wazi kuwa umeme ukikatika, uwezekano wa kupoteza data ni mkubwa zaidi ukitumia kashe hiyo. Kinasema pia kwamba amri za mgeni za kulazimisha kuandika papo hapo hupuuzwa kwa kawaida ili kuongeza kasi, na kinaonyesha jinsi ya kubadili kwa kuweka IgnoreFlush iwe 0. Tatizo ni kwamba nani husoma kitabu kabla mambo hayajaharibika?

Tukaondoa tiki ya kashe ya mwenyeji kwenye mipangilio ya hifadhi, tukaweka ile 0. Ndani ya Windows 98, kwenye sifa za mfumo, upande wa utendaji wa faili, kuna kisanduku cha kuzuia uandishi wa kuchelewa kwa diski zote, tukakitia tiki. Nikachomoa waya tena, mara tano. Nilipoteza rekodi ya mwisho tu kila mara, na FoxPro ikafunguka. Imekuwa nzito kidogo kwenye kuchapisha ripoti ndefu. Sijali.

Njiani tulikamata kosa jingine kabla halijatuuma. Tulikuwa tumempa mgeni diski ya GB 200, kwa kuwa haina gharama. Dereva ya diski (programu inayoiendesha diski) iliyokuja na Windows 98 haivuki GB 137. Ukiandika kupita hapo inarudi mwanzo na kufuta kilichopo. Data ya baba haifiki hata GB 1, ndiyo maana tulinusurika. Sasa diski ni ya GB 2, inaingia kwenye flashi yoyote.

Na mwenye kompyuta mpya yenye prosesa ya Ryzen akiona Windows 98 inaanguka ovyo wakati wa kuiweka, asikimbilie kulaumu diski. Huenda ni namna mfumo ule unavyoshughulikia kumbukumbu kwenye prosesa mpya, na kuna kiraka kiitwacho patcher9x.

Nyota niliyoipunguza ni kwa sababu VirtualBox haina programu-saidizi za Windows 98, kwa hiyo hakuna folda ya pamoja na kutoa faili ni kazi. Mimi huzima mashine kabisa, nafungua diski kwa 7-Zip kutoka nje, nachukua DBF bila kugusa kitu. Nilijaribu 86Box pia, nayo huigiza vifaa vya zamani kwa uaminifu sana, lakini kwenye laptopu yangu ilitambaa.

Juzi umeme umekatika tena, saa mbili usiku, nikiwa ndani ya programu. Uliporudi ScanDisk ilipita yote, haikukuta kitu. Nikafungua orodha, nikashuka hadi Kibirizi. Mzee wangu yupo, madumu 14. Asubuhi nikampigia simu kumjulia hali.