Darasa la Kiingereza la jioni, Mwanjelwa: mwalimu mzuri, karatasi mbovu

Nimesoma miezi mitatu katika darasa la Kiingereza la jioni lililo jirani na soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwa ada ya shilingi 30,000 kwa mwezi, na ninaandika tathmini hii hasa kwa sababu ya kipindi kimoja cha Julai kilichohusu usemi wa usaliti: "to sell someone down the river", yaani, neno kwa neno, kumuuza mtu kwenda chini ya mto.

Karatasi tuliyogawiwa ilidai kwamba maana yake ni kumuuza mtu kando ya mto, ikauchanganya na ule wa kumchoma mtu kisu cha mgongo. Ningekariri kosa hilo kama mwalimu asingeiweka karatasi pembeni na kuchora mto ubaoni. Alichora mto Ohio wa Marekani ukiingia mto Mississippi, akatia nukta ya mji wa Louisville juu na ya New Orleans chini, kisha akaeleza kwamba baada ya Marekani kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kutoka nje mwaka 1808, mashamba ya pamba ya kusini yaliendelea kudai watu, hivyo watumwa wa majimbo kama Kentucky wakawa wanauzwa na kuteremshwa kwa kufuata mto, mbali na wenzi na watoto wao, kwenda kwenye kazi iliyokuwa ngumu zaidi. Utumwa ulifutwa nchini humo mwaka 1865, usemi ukabaki. Darasa zima lilinyamaza, kwa kuwa sisi wa nyanda hizi tumesimuliwa habari za misafara ya watumwa iliyotoka pande za Ziwa Nyasa kwenda Kilwa.

Kwa hiyo maana yake ni kumsaliti mtu aliyekuamini ili wewe upate faida. Faida hiyo ndiyo inayoutenga na kisu cha mgongo, ambacho mtu anaweza kuchomwa kwa husuda tupu. Mwalimu alitoa mfano wa wakulima wa viazi waliokubaliana kutouza kwa lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo, halafu mwenyekiti wao akaelewana na dalali usiku, akapokea chake, na asubuhi wenzake wakakuta magunia yanashonwa yakiwa na vilemba. Mama mmoja anayeuza viazi Uyole alisema kutoka nyuma, "Huyo katuuza, mwalimu." Mwalimu akaandika neno "katuuza" chini ya ule mto, akasema kwamba Kiswahili kimefika palepale bila kupitia majini.

Alituonya pia kwamba usemi huu haumfai mtu aliyechelewa miadi au aliyesahau deni dogo, na kwamba, kwa kuwa umetokana na mateso ya watu halisi, tusiutamke kwa mzaha mbele ya Wamarekani weusi. Sijapata kuona kitabu cha mitihani kinachogusa jambo hilo.

Upungufu ni mwingine. Chumba ni kidogo, na kioo kimoja cha dirisha kimevunjika, jambo ambalo kwa baridi ya Julai si dogo. Kubwa zaidi ni karatasi zile: nilipoomba ofisini zisahihishwe, nilijibiwa kwamba nakala zimeshachapishwa. Wanafunzi wa kundi la asubuhi, ambao wana mwalimu mwingine, wanazisoma hivyo hivyo hadi leo. Atakayejiandikisha achague kundi la jioni, na awahi saa kumi na moja kasoro ili apate kiti mbele ya ubao.