Kijumba cha mbao cha kuonea mianga ya kaskazini: kipi ukodi, kipi uache

Wengi wanaoifuata mianga ya kaskazini, ile nuru ya rangi inayocheza angani usiku kwenye nchi za kaskazini ya mbali, hutumia fedha zao kwenye kijumba chenye paa la kioo. Mianga hiyo huwaka juu sana, kuanzia kilomita 100 hivi kutoka ardhini, pale chembe zitokazo juani zinapogonga oksijeni na naitrojeni. Mawingu yako chini yake kabisa. Yakitanda, kioo hakikusaidii chochote. Unachopaswa kukilipia ni anga inayotakata mara kwa mara, giza lisilo na taa za mji, na usiku wa kutosha: usiku mmoja ni bahati nasibu, minne ndiyo kiwango cha chini tunachopendekeza.

Kuhusu mazingira, usidanganywe na sura. Magogo na mishumaa havikifanyi kijumba kuwa safi. Mzigo mkubwa wa kaboni uko kwenye ndege, na unaofuata ni joto la ndani. Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam hawezi kuikwepa ndege, basi aende mara moja na akae wiki nzima badala ya kwenda mara mbili kwa siku tatu tatu. Anayeishi Hamburg au Stockholm apande treni.

1. Abisko, Uswidi

Ndiyo chaguo letu la kwanza. Kijiji hiki kiko nyuzi 68 kaskazini, chini ya ukanda ambamo mianga huonekana hata jua likiwa limetulia. Milima ya upande wa Norwe huzikamua pepo zitokazo baharini, zikifika Abisko zimeshamwaga unyevu wake, kwa hiyo hapa ni miongoni mwa sehemu kavu zaidi Uswidi. Mara nyingi anga juu ya ziwa Torneträsk huachia uwazi wakati pande zote zimefunikwa.

Treni ya usiku itokayo Stockholm kwenda Narvik husimama Abisko kwenyewe, na kutoka kituoni unafika malazi kwa miguu. Kodi kijumba chenye jiko la kupikia, maana maduka ni machache na chakula cha hotelini ni ghali. Tatizo ni reli: ni njia moja inayotumiwa pia na treni nzito za madini ya chuma. Desemba 2023 treni ya madini iliacha reli, na njia ya kwenda Narvik ikafungwa kwa miezi miwili hivi. Acha siku moja ya akiba kabla ya ndege ya kurudi. Nafasi za Februari na Machi huisha mapema mno, kwa hiyo anza kutafuta mwishoni mwa kiangazi.

2. Kijumba cha ziwani, Inari, Ufini

Kwa familia au marafiki wanne, hapa ndipo fedha inapozaa zaidi. Unapata nyumba nzima ya magogo, sauna na ziwa lililoganda ambalo ni uwanja mpana wa kutazamia. Chagua kijumba kilicho ufukwe wa kusini wa ziwa, ili uwazi uwe upande wa kaskazini. Treni ya usiku hukufikisha Rovaniemi. Kuanzia hapo kuna basi la zaidi ya kilomita 300. Epuka Novemba: maji ambayo hayajaganda huzalisha ukungu na mawingu. Februari na Machi ni bora, ingawa baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri.

Jiko la kuni ndilo linalowashinda wageni. Majiko mengi ya huko ni mazito, yamejengwa ili yahifadhi joto. Unawasha mkupuo mmoja au miwili, kisha mawe yanatoa joto usiku kucha. Kuendelea kujaza kuni kwa sababu chumba hakijapata joto ndani ya saa moja ni kupoteza kuni na kuhatarisha dohani. Fungua kizibo cha dohani kabla ya kuwasha, tumia kuni kavu, na washa kwa juu ili moshi uungue. Kizibo kisifungwe maadamu makaa yana mwali wa buluu: hapo kuna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na inaua. King'ora cha moshi hakiitambui gesi hiyo, kwa hiyo uliza kama kuna king'ora chake maalumu.

Uliza pia kuhusu maji. Vijumba vingine hufungiwa mabomba majira ya baridi, nawe utachota maji kwenye tundu la barafu na kutumia choo kikavu cha nje. Kimazingira ni jambo jema, lakini mzee mwenye magoti mabovu lazima ajue mapema.

3. Skibotn, Norwe

Mji wa Tromsø una hoteli nyingi na uwanja wa ndege, ila bahari huuletea mawingu na taa zake hufifisha anga. Ndiyo maana madereva wa watalii huwatoa watu mjini kila usiku, mamia ya kilomita kwenda na kurudi. Lala Skibotn kwenyewe, mwendo wa saa mbili hivi kutoka mjini, na mafuta hayo yote yanaokolewa. Hewa ya huko ni kavu kiasi kwamba chuo kikuu cha Tromsø kiliweka kituo cha kuangalia nyota hapo. Umeme wa Norwe karibu wote ni wa maji na upepo, hivyo hita ya umeme si dhambi. Utahitaji gari lenye matairi ya misumari.

4. Iceland

Umeme ni wa maji na mvuke wa ardhini, na nyumba hupashwa kwa maji moto yatokayo chini. Kwa nishati hakuna wa kuishinda. Lakini hali ya hewa hubadilika kila saa, na upepo hung'oa milango ya magari. Iende kwa ajili ya nchi yenyewe. Mianga iwe nyongeza.

5. Kijumba cha kioo

Tunakiweka mwisho. Kioo hupitisha joto haraka kuliko ukuta wa magogo, na lazima kipashwe umeme ili theluji isigande juu yake. Bei ya usiku mmoja mara nyingi inatosha usiku kadhaa kwenye kijumba cha mbao. Kinamfaa tu asiyeweza kusimama kwenye baridi kwa sababu za afya.

Kabla ya kulipa

Tafuta alama zinazokaguliwa: Svanen ya nchi za Nordiki, Green Key, au ua la Ecolabel la Umoja wa Ulaya. Maneno matupu kama "rafiki wa mazingira" yasikutoshe. Kuanzia 27 Septemba 2026 sheria ya Umoja wa Ulaya inayapiga marufuku yakikosa uthibitisho.

Kisha muulize mwenye nyumba kwa maandishi: taa za nje huzimika? Kuni zimo kwenye bei? Nani husafisha theluji barabarani? Shuka na usafi wa mwisho hulipiwa kando? Kwa kawaida ndiyo, na gharama hizo hufanya kijumba cha bei rahisi kiwe ghali.

Tarehe: mwisho wa Agosti hadi mwanzo wa Aprili, kati ya Mei na Julai hakuna giza. Saa tatu usiku hadi saa saba ndizo zenye matumaini zaidi. Faharasa ya Kp, kipimo cha 0 hadi 9 cha nguvu ya msukosuko wa sumaku ya dunia unaoleta mianga, ikifika 2 inatosha Abisko na Inari, kwa hiyo angalia zaidi utabiri wa mawingu.

Viza ya Schengen, moja kwa nchi zote hizi, huombwa miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima iwe ya angalau euro 30,000. Omba kwenye ubalozi wa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, na uchukue kijumba kinachorudisha fedha hadi jibu la viza litoke.